Kuijua Dunia kwa Riwaya na Filamu Tukiwa Unguja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Masuala haya tunaulizwa barazani, sokoni Darajani, na zaidi kwenye simu. Tumeyaandika pamoja ili anayetaka kujiunga na kikao chetu, au kuanzisha chake, asome kwanza kisha atuulize yaliyobaki.

Kikao chenu kinafanya nini hasa?

Tunasoma kitabu au tunatazama filamu, kisha tunaizungumza mpaka kahawa iishe. Kazi zinatoka popote: Dakar, Tehran, Mumbai, na Unguja hii hii. Kila mara tunatafuta jambo moja. Watu wa hadithi ile wanakiita nini heshima, haya, wajibu kwa mzazi au haki ya mke, na katika hadithi yenyewe ni nani anayebeba gharama ya jambo hilo? Kusifu heshima ni rahisi kwa kila mtu. Ugumu unakuja pale unapotakiwa umtaje mtu ndani ya hadithi aliyeilipia, na useme kama alistahili kuilipia yeye.

Vyetu hatujavimaliza. Kwa nini tuhangaike na vya watu?

Kwa sababu kisiwa hichi hakijawahi kuishi na vyake peke yake. Hekaya za Abunuwasi alizotusimulia bibi zilitoka Baghdad. Kwa miaka mingi watu wa mjini walijaa senema za Majestic pale Vuga, na Empire na Cine Afrique, wakilia na kucheka na watu wa India ambao lugha yao wengi hawakuijua. Na Bwana Msa je? Mohamed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Mpelelezi wake, ndiye Bwana Msa, ana kiko na akili kali kama yule Sherlock Holmes wa London, lakini anatembea katika mashamba ya Unguja, anakaribishwa kwa adabu zetu, na mafumbo anayoyafumbua ni ya koo zetu na siri zake. Mwandishi alichukua mbinu ya mbali akaitia kazini nyumbani. Anayesema fasihi ya nje inatupotosha atuambie kwanza Bwana Msa alimpotosha nani.

Hoja ya pili ni hii. Jambo la nyumbani mtu hulisema kwa woga, kwani jirani atajua anasemwa nani. Ukilileta kwa jina la mtu wa Senegal, ulimi unafunguka. Tumeliona hilo mara nyingi, na huenda ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Mgeni aanze na kitabu gani?

Aanze na Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Ni kitabu chembamba. Mwalimu mmoja, Ramatoulaye, amefiwa na mume. Yumo edani, na humo ndani anamwandikia shoga yake wa tangu utotoni.

Msomaji wa Ulaya huanza kwa kuelezwa eda ni nini. Hapa kwetu mwanamke yeyote aliyekaa miezi minne na siku kumi anaingia kitabuni kama anayeingia kwa jirani. Anaijua harufu ya nyumba ile, anajua wageni wanakuja na nini na wanaondoka wakisema nini. Kwa hivyo anaona mambo ambayo mwalimu wa fasihi huyapita. Nikupe mfano. Siku ya arubaini Tamsir, kaka wa marehemu, anaingia akiwa na imamu na kumwambia mjane kwamba akishatoka edani atamuoa. Wanawake wa kikao chetu walikasirika kabla hata ya kufika kwenye jibu la Ramatoulaye. Kumposa mjane kwa uwazi naye bado yumo edani haifai kisheria, na huyu bwana kaja na imamu! Bâ hakuhitaji kulieleza hilo kwa wasomaji wa namna yetu. Kisha linakuja jibu lenyewe. Ramatoulaye aliyenyamaza miaka mingi anasema yote kwa mara moja, na mtu anayasoma kwa sauti hata kama hakuambiwa.

Halafu kuna mirathi. Modou, marehemu, alikuwa ameoa mke wa pili, msichana aliyekuwa rafiki wa binti yake mwenyewe. Mambo ya marehemu yanapofunuliwa inaonekana hakuacha akiba, ameacha madeni, na nyumba ya mke wa kwanza ndiyo iliyowekwa rehani ili mke mpya apate nyumba nzuri. Hapo suala letu la gharama halihitaji kuulizwa. Limeandikwa kwa tarakimu.

Mzozo mkubwa huwa juu ya wanawake wawili. Aissatou, shoga anayeandikiwa, mumewe alipooa tena alidai talaka akaondoka na watoto wake. Ramatoulaye alibaki. Vijana humsifu Aissatou. Wanawake wakubwa hawasemi kwamba Ramatoulaye alifanya sawa, ila wanauliza maswali: watoto kumi na wawili angekwenda nao wapi? Nani angempangisha? Mimi niko upande wa Aissatou, lakini sijawahi kuyajibu maswali hayo vizuri.

Je, kitabu hicho kinaupinga uke wenza?

Kisome.

Kwani vitabu vya dunia vilivyomo katika Kiswahili vinatosha?

Ni vichache kuliko vinavyohitajika, lakini ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ile ya Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hii ya pili inazungumza vizuri sana hapa kwetu, maana ni habari ya bandari, jahazi lililochelewa, mkopo na dhamana. Riwaya ya Chinua Achebe inapatikana kama Shujaa Okonkwo. Ya George Orwell inaitwa Shamba la Wanyama. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitoka mwaka 2022.

Ulizia Maktaba Kuu pale Maisara kabla hujanunua. Ukikikosa, muulize mwalimu wa skuli aliyestaafu. Makabati yao yana hazina.

Gurnah anaandika Kiingereza na anaishi Uingereza. Ni wetu au ni wao?

Suala hili lilipamba moto mwaka 2021 alipopata Tuzo ya Nobel, na sisi limetuchosha. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi. Anayetaka kumgombania na agombanie.

Chenye faida zaidi ni kuisoma Peponi na Surat Yusuf ikiwa karibu. Yusuf wa riwaya ana miaka kumi na miwili pale baba yake anapomtoa kwa tajiri Aziz kulipia deni. Mtoto anadhani anakwenda kutembea kwa jamaa. Anafika ndipo Khalil, kijana mwengine aliyewekwa rehani dukani humo, anamfungua macho. Kisha mna uzuri wa Yusuf, ndoto zake, na mke wa bwana anayemtamani. Waliohitimu chuo cha Kurani wanavitambua vyote hivyo bila kusaidiwa na mtu. Halafu wanaona pale Gurnah anapokengeuka: Yusuf huyu hapati ufalme, na hakuna siku ndugu watakapomwinamia. Tulikaa muda mrefu juu ya baba. Mtu mzima mmoja alimtetea kwa umasikini wake. Mwengine akamwuliza, deni lile alikopa mtoto?

Kwa nini mnairudia ile filamu ya Iran?

Kwa sababu hatujaimaliza. Ni filamu ya Asghar Farhadi ya mwaka 2011, A Separation, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu kule Berlin na kisha Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mke, Simin, anataka familia ihame nchi. Mume, Nader, hataki, kwa kuwa baba yake mzee amepoteza kumbukumbu na hawezi kumwacha. Mke anamwambia kwamba baba yake hata hamjui kuwa ni mwanawe. Naye anajibu kwamba yeye anamjua kuwa ni baba yake.

Ukilitamka jibu hilo hapa Unguja, ukumbi wote unamwelekea Nader. Sisi ni watu wa radhi za wazee. Ujanja wa Farhadi ni kwamba anakuacha umpende Nader, halafu anakuonesha bili. Mzee anatunzwa, ndiyo, lakini na nani? Na Razieh, mwanamke masikini na mcha Mungu, mja mzito, anayepanda mabasi kutoka mbali na hajamwambia mumewe kazi anayoifanya. Mzee anapojikojolea, Razieh anapiga simu kuuliza mambo ya dini: ni dhambi kwake kumbadilisha nguo mwanamume asiye maharimu wake? Kwa tuliowahi kuuguza, sehemu hiyo peke yake inastahili kikao kizima. Kuna binti aliyesema wazi kwamba alimwogesha babu yake na hakumwuliza mtu. Kuna aliyesema yeye asingeweza. Hakuna aliyemcheka mwenziwe.

Baadaye mambo yanafika kortini, na kiapo juu ya Msahafu kinakuwa ndicho mizani ya kesi nzima. Tofauti ya msomi wa mjini na mwanamke wa mtaani inaonekana hapo. Mmoja anajua maneno ya kumwambia hakimu, mwengine anaogopa kuapa juu ya jambo asilokuwa na yakini nalo. Haya, ukweli, dini, mzazi: vyote vimo, na vyote vinagongana ndani ya nyumba moja ya ghorofani. Na pembeni yupo binti yao, Termeh, anayetazama. Mwisho hatuuelezi.

Wapo wanaosema Iran ni Mashia na mambo yao si yetu. Mjini kwetu Shafi, Ibadhi, Ithnaasheri na Bohora wamekuwa majirani tangu enzi za mabibi, na Makunduchi bado wanakoga mwaka, ada inayohusishwa na Uajemi. Umbali huo tunautia wenyewe.

Filamu za Kihindi zinahesabiwa kuwa fasihi ya dunia?

Zinahesabiwa, tena kwa sisi ndizo za mwanzo. Awara ya Raj Kapoor ilitoka mwaka 1951, na hadi leo kuna wazee wanaoimba wimbo wake bila kujua maana ya neno hata moja. Waambie wakusimulie kisa: hakimu anamfukuza mkewe mja mzito kwa sababu ya maneno ya watu. Wanakisimulia vizuri kuliko sisi tulioitazama juzi. Mother India ya 1957 ni nzito zaidi. Radha amelea watoto peke yake, amefanya kila kazi, na mwishowe anampiga risasi mwanawe kipenzi kwa kuwa amemteka msichana wa kijiji. Mama alitenda haki? Wanaume na wanawake hujibu tofauti, wala si kwa namna unayoitarajia.

Wanawake na wanaume mnakaa pamoja?

Ukumbi mmoja, kila mtu anakaa anapojisikia huru, na mara nyingine wanawake wana siku yao. Si jambo geni. Senema za zamani za mjini zilikuwa na maonesho ya wanawake peke yao, na walioyahudhuria wanasema ndiko walikotoka na mishono ya nguo na hadithi za wiki nzima.

Filamu ikiwa na mambo ya aibu mnafanyaje? Ninaweza kuja na mama yangu?

Kila filamu tunaitazama kabla ya kikao. Ikiwa na kitu kitakachomfanya mtu atoke nje, tunasema mapema, waziwazi, ili mtu achague. Hatukati vipande kimyakimya. Kipande kikiwa cha kuudhi tu, hakiongezi kitu katika kisa, basi filamu yenyewe huwa haina mengi na tunaiacha. Kikiwa ndicho roho ya kisa, kwa mfano mtu anadhulumiwa na tunatakiwa tuione dhuluma, tunakaa nacho. Mama yako mwite. Akina mama wanavumilia mengi kuliko watoto wao wanavyodhani. Wanaoona haya zaidi ni watoto waliokaa nao.

Ukitaka kuonesha filamu hadharani, uwanjani au kwa kiingilio, hilo ni jambo jengine. Wasiliana kwanza na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU.

Sijui Kiingereza wala Kifarsi. Nitafuata vipi maandishi ya chini ya skrini?

Mtu mmoja anasoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, palipo na haja tu. Tulikataza mbwembwe za wale wanaotia maneno na vichekesho vyao kwenye filamu za mapigano. Zile zina mahali pake, nami nazipenda, lakini huwezi kumtia Farhadi vichekesho. Na utashangaa nyuso zinasema kiasi gani.

Mjadala unaendeshwaje?

Mtu mmoja anasimulia kisa upya, bila kutoa rai. Wengine wanamsahihisha. Hapa panaonekana kituko: watu wawili wameitazama filamu ile ile na kila mmoja ana kisa chake. Tofauti hizo ndizo zinazoanzisha mazungumzo.

Kuna jambo moja tunalolizuia, nalo ni mazoea ya skuli. Mtoto wa Kidato cha Nne akifungua riwaya anatafuta dhamira tano na ujumbe, anaandika, anafunga. Mtihani unamtaka hivyo, simlaumu. Lakini ukikiuliza kitabu "funzo lako nini?" kitakujibu kwa methali uliyokuwa nayo tangu mwanzo, na wewe utatoka ulivyoingia. Sisi tunauliza vitu vidogo. Kwa nini alinyamaza pale? Nani aliyekuwa jikoni wakati wanaume wanaamua? Pesa ilitoka wapi? Ungekuwa wewe ndiye yule mkwe aliyesimama mlangoni, ungeingia?

Simu zinawekwa kwenye kikapu. Hilo limetuletea maneno kuliko filamu yoyote.

Na riwaya zetu wenyewe?

Zimo, na tunaziweka ubavuni mwa za nje ili zisomwe upya. Utengano ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980 wengi waliisoma skuli. Irudie baada ya ile barua ya Senegal. Bwana Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani kwa jina la heshima, huku yeye nje ana mambo yake. Utaona kwamba kuta zile zilimlinda baba zaidi kuliko binti.

Vuta n'kuvute ya Adam Shafi tunaisoma kisha tunatazama filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutoka mwaka 2021. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa mzee Raza, anakimbia, jamaa zake hawamtaki tena, anapokewa na shoga yake Mwajuma. Riwaya ina nafasi ya kutuonesha Mwajuma anavyoishi, wepesi wake na ukarimu wake. Filamu inaelemea zaidi mapambano ya kudai uhuru na uzuri wa mji wenyewe. Watu huuliza ipi bora. Mimi namtaka Mwajuma mwingi, basi nabaki na kitabu. Vijana wengi wamechagua filamu, na wana hoja, hasa kuhusu muziki.

Mtoto wangu wa darasa la tano anaweza kuja?

Siku ya watoto, ndiyo. Tunaanza na Children of Heaven ya Majid Majidi, ya 1997. Ali amepoteza viatu vya mdogo wake Zahra, na hawataki kumwambia baba kwa kuwa hana pesa. Wanashirikiana jozi moja: Zahra anasoma asubuhi, anakimbia kurudi, Ali anavivaa anakimbilia skuli ya mchana. Watoto wetu wanaosoma kwa mikondo miwili hawahitaji kuelezwa lolote. Wanacheka, halafu wananyamaza, halafu wanaanza kutaja viatu vyao.

Tamasha la ZIFF halitoshi?

ZIFF lina kazi yake, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 limetuletea pale Ngome Kongwe filamu tusizoweza kuziona kwengine. Nenda. Lakini tamasha ni siku chache, filamu moja inafukuzana na nyengine, na mazungumzo yanaishia Forodhani kwenye urojo. Chagua mbili ukae nazo.

Niko Pemba. Nitashiriki vipi?

Usitusubiri sisi. Watu sita wa Wete au Chake wenye kitabu kimoja wanatosha. Someni sura kwa zamu, kwa sauti, kama nakala ni moja. Anzeni na Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa huko huko kwenu mwaka 1947. Umeme ukikatika katikati ya filamu, endeleeni kwa kubashiri yaliyobaki, kisha mtazame siku ya pili muone nani alikaribia.

Kuna kiingilio?

Hakuna. Kahawa tunachangia, kashata lete ukiweza. Kitabu cha kuazima unaandika jina lako daftarini na kukirudisha kabla ya kikao kinachofuata, maana yupo mwenzio anayekisubiri. Kama hukumaliza kusoma, njoo vilevile, ila usikasirike mwisho ukitajwa.